Majina ya Maji na Kamba ya Mpimaji

Huko Kimbiji, katika pwani ya kusini ya Dar es Salaam, mtu akiulizwa shamba lake liko wapi hajibu kwamba liko katika ardhioevu. Husema liko bondeni; au ng'ambo ya kijito; au nyuma ya mikoko, penye wangwa; au pale panapotuama maji ya masika mpaka kipupwe kipite. Kila jibu katika hayo lina habari mbili ndani yake: mahali palipo, na jinsi maji ya mahali hapo yaendavyo, kwamba ni matamu au ya chumvi, yatiririka au yametuama, hukaa mwaka mzima au huja na kuondoka. Mgeni aliyelisikia amekwisha kujua kama hapo pafaa kupanda mpunga, au kuchimba kisima, au kujenga nyumba. Sheria iliyowekwa ili kulinda mahali hapo haina hata moja katika majina hayo. Ina neno ardhioevu, na kipimo cha mita 60, na zaidi ya hapo yawaachia maofisa wa halmashauri kazi ya kujua neno hilo laangukia wapi juu ya ardhi. Nao, wakiwa hawana jina la kushika, hushika kamba.

Zamani jambo hili lilikuwa na udhuru, maana sheria za nchi ziliandikwa kwa Kiingereza na Kiswahili kilikuja nyuma kama mkalimani. Udhuru huo umekwisha. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, na Kiswahili kikawa ndiyo lugha ya sheria. Na sheria ndogo za halmashauri nyingi zilikuwa zikitolewa kwa Kiswahili hata kabla ya hapo. Hapana tena anayeuliza kama sheria itasemwa kwa Kiswahili. Lililobaki ni kuuliza ni Kiswahili cha nani. Kiswahili kilichoshonwa mezani ili kifuniane na maneno ya Kiingereza si lazima kiwe kile kinachosemwa na watu wanaoamriwa kuitii sheria yenyewe, na katika habari ya maji tofauti ya hivi viwili yaweza kupimwa kwa ekari.

Neno ardhioevu halina kosa la sarufi. Limejengwa juu ya shina la kulowa, ambalo wengine hulitamka kuowa au kurowa, likatiwa kiishio cha -vu kama katika tulivu, sikivu na vumilivu. Kiishio hicho hutaja tabia iliyokwisha kukaa. Mtulivu si mtu aliyetulia leo asubuhi kwa sababu ana homa. Ni mtu ambaye kutulia ndiko kuwa kwake. Basi ardhi oevu, kwa sikio la Mswahili asiyepata kuelezwa zaidi, ni ardhi ambayo kulowa ndiyo tabia yake, mchana na usiku, masika na kiangazi. Hapo ndipo shida inapoanza, kwa kuwa maji mengi ya Kimbiji ni maji ya msimu. Mwezi wa Mei kidimbwi kina yungiyungi na vyura. Mwezi wa Septemba ni uwanja wa udongo uliopasuka, ndago zimekauka, mbuzi wanachunga katikati. Mnunuzi au ofisa afikaye Septemba na neno lake mkononi ana haki kabisa ya kusema kwamba ardhi ile si oevu. Hakusema uwongo. Lugha ndiyo iliyompa ruhusa. Lakini aliyesema "pale panapotuama maji" amesema jambo lililo kweli hata siku ambayo hapana tone, maana usemi wake wataja mazoea ya mahali, si hali ya siku moja.

Wataalamu watajibu kwamba neno ni ufupisho tu, na kwamba maana yake kamili imo katika mapatano ya dunia. Ni kweli imo, na ni maana pana ajabu. Mapatano yaliyotiwa sahihi Ramsar, katika nchi ya Iran, mwaka 1971, ambayo Tanzania iliingia mwaka 2000, yahesabu kuwa ardhioevu mahali pote penye maji, ya asili au ya kutengenezwa na watu, ya daima au ya muda, yaliyosimama au yaendayo, matamu, ya magadi au ya chumvi, hata maji ya bahari ambayo kina chake wakati wa maji kupwa hakizidi mita 6. Katika kuyapanga, mapatano hayo yana aina 42: 12 za bahari na pwani, 20 za bara, na 10 zilizofanywa kwa mikono ya watu. Mashamba ya mpunga yamo. Mashamba ya chumvi yamo. Basi dunia ina aina 42, na mzee wa Kimbiji, bila ya kupata kusikia habari za Ramsar, ana zake kumi na kitu. Aliye na aina moja ni yule aliye katikati yao, yaani mwandishi wa sheria ndogo. Tanzania ina maeneo manne katika orodha ya Ramsar: Malagarasi-Muyovozi, Bonde la Ziwa Natron, Bonde la Kilombero, na Rufiji-Mafia-Kilwa. Ni maeneo makubwa, yenye ndege wa kuhesabiwa na wageni wa kuja kuwatazama. Kidimbwi cha nusu ekari nyuma ya minazi ya Kimbiji hakitaingia katika orodha hiyo hata milele, wala haipasi kiingie. Hicho ni mtoto wa halmashauri. Halmashauri isipokijua kwa jina, hapana mwingine atakayekijua.

Na itazamwe sheria mama inavyowafundisha watoto wake kuyaona maji haya. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, katika kifungu cha 7, imeweka aina ya ardhi ambayo imeitwa ya hatari. Katika orodha hiyo mna mabwawa ya mikoko na miamba ya matumbawe. Mna ardhioevu na visiwa. Kisha, katika pumzi iyo hiyo, mna ardhi iliyotengwa au kutumiwa kwa kutupia taka za sumu. Msudi wa sheria atasema kwamba nia ilikuwa njema, kwamba kusudi ni kuzuia ujenzi, na kwamba kuwekwa pamoja katika orodha si kufananishwa. Hayo yote yakubaliwe. Hata hivyo jina hufanya kazi yake kimya kimya. Mikoko iliyovunja mawimbi kabla ya mji kuwapo, kambamiti wanamozaliana, mahali ambapo vizazi vimekata boriti na kuchuma kaa, imeandikwa katika daftari moja na jaa la sumu, chini ya kichwa kimoja. Mtu akifundishwa kwamba kitu ni hatari hufikiri njia mbili tu: kukikimbia au kukiondoa. Na kiwanja chenye bei hakikimbiwi. Huletewa lori la kifusi.

Baada ya jina la hatari huja kipimo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, yakataza kazi za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufuko wa bahari au wa ziwa la asili, ukingo wa mto, au bwawa la maji. Mita 60 ni kipimo chepesi kukumbuka, na wepesi huo ndio sifa yake kubwa, labda na ya pekee. Ikipimwa juu ya ardhi ya Kimbiji huanza kusema maajabu. Bonde la mpunga laweza kuwa na upana wa mita 200, na kijito kilicho katikati yake kikawa na upana wa hatua mbili. Kamba ikinyoshwa mita 60 kila upande wa kijito, bonde lenyewe lililobaki, ambalo ndilo linalobeba maji masika yakizidi, limetoka katika ulinzi. Yaani mtu aweza kujenga ndani ya maji na awe mtiifu wa sheria. Upande wa pili, mwenye nyumba ya miti na udongo juu ya kilima cha mchanga, mita 40 kutoka majini, mahali ambapo babu yake hakupata kulowa nyayo, ndiye mvunja sheria. Na kidimbwi cha msimu? Hicho si ziwa, si mto, si bwawa; katika orodha ya kifungu hicho hakimo kwa jina lake.

Tena mita 60 kutoka wapi? Neno pwani lenyewe lingeweza kuwafunza wapimaji, kama wangelisikiliza. Latokana na kupwa. Pwani ni mahali maji yanapopwa. Si mstari, ni uwanja wenye upana, ambao kila siku hufunikwa mara mbili na kufunuliwa mara mbili. Katika sehemu hizi za pwani bamvua hupandisha na kushusha bahari zaidi ya mita 3 kwa kimo, na penye mteremko mdogo kimo hicho huwa mwendo mrefu wa miguu. Wakikubaliana kupima kutoka alama ya maji makuu, ni maji makuu ya siku gani? Ya bamvua, au ya siku za maji mafu? Wavuvi wa Kimbiji wana majibu ya maswali haya, kwa kuwa vyombo vyao na mitego yao hutegemea majibu hayo, na atakayekosea hulala na njaa. Hawakuulizwa.

Habari ya mikoko ndiyo inayoonyesha wazi kuliko zote kwamba kupanga kwa majina si ndoto ya washairi. Kiingereza huita msitu wote kwa neno moja. Pwani ya Waswahili ina mlilana, ambao husimama mbele kabisa kuelekea bahari na kupokea mawimbi, ina mkoko wenyewe, wenye mizizi ya kusimama kama miguu ya kaa, ina muia, ina mkandaa, ambao magamba yake yalitumiwa kutia rangi na kutengeneza ngozi, ina mkomafi na msikundazi katika sehemu za ndani, ina mchu, mvumilivu wa chumvi, ambao hukaa hata pale ambapo miti mingine imekwisha kata tamaa, ukingoni mwa wangwa. Majina hayo yakitajwa kwa taratibu kutoka baharini kwenda bara, yamekwisha kuchora ramani. Mpimaji akiambiwa "hapa mwisho wa mkandaa, pale waanza mchu" ana mpaka ulio hai, ambao hauhitaji jiwe la saruji, wala hauwezi kung'olewa usiku na mtu mwenye haja.

Serikali ya Waingereza iliitangaza mikoko ya Tanganyika kuwa misitu ya hifadhi tangu mwaka 1928, nayo imeendelea kuhesabiwa hivyo. Lakini tangazo ni jambo moja, mpango ni jingine. Aliyeleta mpango ni Adelaida Semesi, mwanasayansi wa bahari wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika kazi yake ya mwaka 1991 juu ya usimamizi wa mikoko ya Tanzania Bara. Yeye hakutosheka kusema kwamba mikoko ilindwe. Aliigawa katika kanda 4: ya kuhifadhiwa kabisa, ya kuvunwa kwa utaratibu, ya kuachwa ipone baada ya kuharibiwa, na ya kuruhusiwa kazi za maendeleo. Mtu aweza kubishana na kanda hii au ile, lakini ule ndio upangaji wa kweli: kila mahali pana jina lake, na kila jina lina ruhusa zake na makatazo yake. Mtu mzima akiuliza "nifanye nini hapa?" hupata jawabu. Neno ardhioevu, likiachwa peke yake, lina jawabu moja tu kwa maswali yote, nalo ni "ondoka"; na jawabu la namna hiyo hutekelezwa juu ya wale wasio na uwezo wa kukataa.

Haya si maneno ya kubuni. Dar es Salaam imekwisha kuyaona katika bonde la Msimbazi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40, na mwaka uliofuata baadhi ya waliookoka walipelekwa kupewa viwanja Mabwepande, mbali sana na riziki zao. Desemba 2015 nyumba za bondeni, katika sehemu za Kinondoni na za Jangwani, zilianza kubomolewa, na nyingine nyingi zikapigwa alama ya X kwa rangi nyekundu zingoje zamu yake. Katika siku zile neno "mabondeni" liligeuka. Lilikuwa jina la mahali, likawa jina la aina ya watu: wakazi wa mabondeni, yaani wakaidi, wasiosikia, wanaojitakia maafa. Hapana anayedai kwamba ilikuwa vema watu walale katika njia ya mto. Lakini katika uwanda ule ule wa Jangwani ilijengwa karakana ya mabasi yaendayo haraka, kwa ramani, kwa wahandisi, na kwa fedha za umma. Huduma ikaanza mwaka 2016, na mafuriko yakaja juu yake kama yalivyokuja juu ya vibanda, hata mwaka 2018 mabasi yakaharibika ndani ya maji. Karakana haikuitwa mkazi wa mabondeni. Na jina la Jangwani lilikuwapo siku zote, likiwangoja wasome. Mtu wa bara akilisikia neno jangwa hufikiri ukame. Katika midomo ya watu wa pwani jangwa na nduguye wangwa ni pia uwanda mtupu wa chumvi, unaofikiwa na maji yakijaa. Waliopatia mahali pale jina hilo walikuwa wamekwisha kuandika ripoti ya mazingira, kwa neno moja, bila ya malipo.

Sasa zamu ni ya kusini. Kimbiji ilikuwa chini ya Temeke mpaka Kigamboni ilipofanywa wilaya na manispaa yake. Daraja la Kigamboni lilipofunguliwa Aprili 2016, mwendo wa kivuko ukawa mwendo wa gari, na mashamba ya mikorosho na minazi yakaanza kuitwa viwanja. Mtu huja siku ya Jumapili, na mara nyingi huja kiangazi, kwa kuwa barabara ni nzuri zaidi; dalali humwonyesha uwanja ulio tambarare, usio na miti ya kung'oa, bei yake nafuu kidogo kuliko wa jirani. Utambarare ule na ukosefu wa miti ni kazi ya maji, lakini maji yenyewe yamekwenda zake. Mnunuzi hulipa. Masika yakija hukuta kiwanja chake kina vyura, naye, kwa kuwa si mtu wa kutupa fedha, hununua kifusi. Maji yaliyokuwa yakituama pale hayafi. Huhamia kwa jirani, ambaye kwa kawaida ndiye mwenyeji, na nyumba yake ni ya udongo. Miaka mitatu baadaye mwenyeji huyo ndiye anayeishi "bondeni".

Aende kwa nani? Angekuwa katika kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ingempa halmashauri ya kijiji yenye mamlaka juu ya ardhi ya kijiji, na sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982 zingekipa kijiji chake uwezo wa kutunga sheria ndogo. Lakini aliye ndani ya manispaa ana mtaa, na mtaa hauna mamlaka hayo. Mwenyekiti wa mtaa anajua kila kidimbwi, hana kalamu. Manispaa ina kalamu, haijui vidimbwi. Huu ni mpango wa ajabu, kwamba mahali panapogeuka mji, ndipo panapohitaji zaidi macho ya karibu, ndipo macho hayo yanaponyang'anywa wino.

Watetezi wa neno moja na kipimo kimoja wana hoja, wala si haki kuzidharau. Wasema, kwanza, kwamba majina ya kienyeji hubadilika toka kata hii mpaka kata ile, na sheria haiwezi kuyumba namna hiyo. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuwapo sheria ndogo. Kama kila halmashauri itanakili maneno ya Bunge, Bunge lenyewe lingetosha, na madiwani wangebaki nyumbani. Wasema, pili, kwamba majina ni mambo ya wazee, na kupanga ardhi kwataka elimu ya udongo na mimea. Hao hawajasoma habari za Geoffrey Milne, mwanasayansi wa udongo wa Amani, ambaye katika miaka ya 1930 aliieleza dunia jinsi udongo wa Afrika Mashariki unavyofuatana kutoka kilimani mpaka bondeni kama shanga katika uzi. Udongo mweusi wa chini, unaoshika maji, umeingia katika vitabu vya elimu hiyo kwa jina la mbuga, kama walivyoingia luseni na itogolo wa wakulima wa Usukuma. Mwanasayansi hakuona haya kujifunza kwa mwenye jembe, kwa kuwa mwenye jembe alikuwa amekwisha fanya majaribio ya miaka mia. (Siku hizi mbuga, kwa vijana wa mjini, ni mahali pa kutazama simba. Neno limepoteza maji yake, na walioliacha lipotee ni pamoja na walimu wa lugha.)

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu, na husemwa kwa sauti ya chini: kwamba hao wazee wenye majina ndio hao hao waliouza. Ni kweli. Wapo walioonyesha wangwa wakasema ni uwanda mzuri. Wapo waliomwita mnunuzi mwezi wa Agosti kwa makusudi. Njaa na ada za shule na tamaa ni sehemu ya habari hii, na yeyote atakayeandika juu ya Kimbiji kana kwamba wenyeji ni malaika na wageni ni mashetani ataandika hadithi za watoto. Lakini hoja hiyo hairudishi kamba mikononi mwa mpimaji. Yaonyesha tu kwamba jina lisiloandikwa huuzwa pamoja na ardhi. Likiwa limeandikwa, limesomwa katika mkutano wa mtaa, limebandikwa ubaoni, mwuzaji hawezi kulificha, na mnunuzi hawezi kusema hakuambiwa. Ofisa naye, ambaye labda ndiye anayehitaji zaidi kulindwa dhidi ya bahasha, ana karatasi ya kuonyesha.

Kwa hiyo linalodaiwa si jambo kubwa. Sheria ndogo ya kata ya pwani iwe na jedwali. Katika jedwali hilo yaandikwe majina ya mahali penye maji kama yanavyotajwa na watu wa hapo, kila moja na maelezo ya mwendo wa maji yake: hujaa lini, hukauka lini, ni matamu au ya chumvi, yatoka wapi na huelekea wapi. Mipaka itembelewe mara mbili, mara moja masika yakikolea na mara moja siku ya bamvua, wala si mwezi wa Septemba. Na ofisa wa mazingira wa halmashauri, ambaye sheria ya mwaka 2004 imekwisha agiza awepo, atembee na wavuvi, na wanawake wanaolima mpunga, na vijana wanaochunga. Kila aina ipewe kanuni yake. Penye majaruba ya mpunga, kilimo kiendelee na kifusi kikatazwe. Mkulima asiitwe mvamizi wa mahali ambapo hata mapatano ya dunia yamemhesabu kuwa sehemu yake. Penye mlilana na mkoko, pasiguswe. Penye kidimbwi cha msimu, pasipimwe kiwanja, hata pawe pakavu kama ngozi ya ngoma siku ya kupima.

Uganda ni jirani wa kutazamwa, kwa mema na kwa mabaya. Katiba yake ya mwaka 1995 yasema kwamba ardhioevu, mito na maziwa ya asili huwekwa chini ya dhamana ya serikali kuu au ya serikali za mitaa kwa faida ya raia wote. Neno "dhamana" ni bora mara mia kuliko "hatari". Hata hivyo hati ziliendelea kutolewa ndani ya mabwawa ya mafunjo, na mwaka 2014 baraza la mawaziri likaamua zile zilizotolewa baada ya 1995 zifutwe. Kufuta hati ya mtu aliyekwisha jenga ni kazi chungu na ya aibu. Ni rahisi zaidi kutoiandika.

Na Kimbiji ina sababu yake ya pekee ya kuharakisha. Jina lake limejulikana mjini kwa ajili ya maji ya chini: visima virefu 20 vilivyopangwa kuchimbwa Kimbiji na Mpera, na mwezi wa Novemba 2022, mto Ruvu ulipopungua na mabomba ya Dar es Salaam yakawa makavu, macho ya mji yaligeukia visima vya Kigamboni. Haifai kudai kwamba kila kidimbwi cha juu hulisha maji yaliyo kina cha mamia ya mita. Madai ya namna hiyo huharibu kesi njema. Lakini wenyeji wengi hawanywi maji ya kina hicho. Hunywa ya visima vifupi, yanayokaa katika mchanga baada ya mvua kupenya taratibu; na karibu na bahari, maji hayo yakipungua au yakivutwa kupita kiasi, chumvi huingia mahali pake. Kidimbwi kinachoshika mvua miezi mitano kinafanya kazi hiyo bure. Kikijazwa kifusi na kupigwa saruji, mvua hukimbilia barabarani, na kisima cha jirani hubadilika ladha kabla hapajatokea mtu wa kueleza kwa nini.

Mchoro wa upimaji wa viwanja hauna mahali pa kuandika hayo. Kidimbwi kilichoitwa kwa jina lake tangu enzi za mababu huandikwa humo kitalu namba fulani, kiwanja namba fulani, eneo mita za mraba kadha wa kadha, matumizi: makazi. Jina la zamani halikukatazwa na mtu. Halikuwa na safu yake katika fomu.